Bunduki ya Bi Kishindo na Milango Miwili ya Kituoni

Jumatano, tarehe 11 Juni. Alfajiri ukungu mwepesi ulikuwa umelala bondeni, kisha jua likatoka na siku ikawa ya joto la wastani, bila upepo. Umande ulikuwa haujakauka pale nyani dume alipoonekana katikati ya shamba la ushirika amevaa koti la suti.

Lilikuwa koti zuri, la kijivu, limetiwa bitana. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alikuwa amelishona kwa mabaki ya vitambaa na kulivisha sanamu la kutishia wanyama. Aliamini kwamba nyani wakimwona mtu aliyevaa kiheshima wataona haya na kurudi mlimani. Nyani walilitazama lile sanamu kwa muda, wakalizoea, kisha wakalivua.

"Limemkaa vizuri mabegani," Fundi alisema. Alikuwa amesimama kwenye tuta, futi ya kupimia shingoni, uso umejaa huzuni ya mtu aliyeibiwa na kusifiwa kwa wakati mmoja. "Mikono tu ndiyo imepungua kidogo."

"Mfuate basi ukamrekebishie," mkewe alimjibu.

Mkewe ndiye Bi Kishindo, ambaye habari zake ndizo zinazoandikwa hapa. Ni mwanamke aliyepita hamsini, mfupi, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba ukikaa naye sebuleni inabidi usogeze kiti. Jina lake la utani halikutokana na sauti hiyo. Lilitokana na bunduki ya marisau aliyoirithi kwa baba yake, pamoja na kazi ya kulinda mashamba ya ushirika wakati mahindi yanapokomaa.

Wanaolima karibu na milima wanajua kwamba nyani hamwogopi mwanamke. Humwona akija na fimbo, akamtazama, akaendelea kutafuna. Wengine humgeuzia mgongo kabisa, na kwa nyani kugeuziwa mgongo si heshima. Bi Kishindo peke yake ndiye waliyemhofu kuliko wanaume wote wa bonde, na sababu ilikuwa namna yake ya kufanya kazi. Alifika mapema dunguni, kile kichanja cha kulindia shamba, akangoja kundi zima lishuke na kukaribia safu ya kwanza, ndipo akapiga hewani mara moja. Siku nzima iliyobaki hakupiga tena. Alikaa juu ya dungu na bunduki mapajani, akala nayo mapajani, akazunguka mpaka wa shamba nayo begani. Nyani walikaa juu ya miamba wakimwangalia. Alipoiweka chini hata kwa dakika moja ili afunge kitenge, walianza kuteremka.

Hakuwahi kumuua hata mmoja.

"Nikimuua mmoja watanichukia," alituambia mara nyingi. "Nikiwatisha wananiheshimu. Mimi nataka heshima tu, nyama yao ya nini?"

Malipo yake yalikuwa kikapu cha mahindi kutoka kila shamba wakati wa mavuno. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha nyumba yake kwa mwaka mzima, kwa maana cherehani ya Fundi ililisha nusu ya familia, na nusu nyingine ililishwa na ule mlio.

Fundi mwenyewe hakuuzoea mlio huo. Walioana vijana, wakalea watoto, wakawaoza, na bado kila msimu wa mahindi aliihamishia cherehani chumba cha nyuma na kujaza pamba masikioni. Wateja walilazimika kumwonyesha kwa vidole wanataka nini.

Sasa, kwa nini bunduki haikuwapo msimu ule?

Miezi michache kabla, mvua kubwa zilifurisha mto. Daraja lilichukuliwa na maji, umeme ukakatika, na maduka mawili matatu yakavunjwa na watu wasiojulikana. Serikali ikatangaza hali ya dharura katika eneo lote. Siku iliyofuata polisi walipita nyumba hadi nyumba wakikusanya silaha zote za raia, zenye leseni na zisizo na leseni. Walikuja kwa adabu. Sajenti alivua viatu vyenye tope mlangoni, akaeleza kwamba agizo limetoka juu, akapokea bunduki na risasi zake, akampa Bi Kishindo stakabadhi.

"Hatunyang'anyi, mama," alisema. "Tunahifadhi tu."

"Hifadhini," Bi Kishindo alisema. "Mvua hizi hata nyani wamejificha."

Maji yakapungua. Mbao zikawekwa pale lilipokuwa daraja, maduka yakafunguliwa, na redioni ikatangazwa kwamba hali ya dharura imeondolewa. Watu walirudishiwa karibu kila kitu, hata ngazi zilizoazimwa kwa uokoaji. Silaha zikabaki kituoni.

Bi Kishindo alikwenda kuulizia bunduki yake mahindi yakiwa yamefika gotini. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ameshika stakabadhi na leseni yake, amevaa kitenge cha kutokea.

Kituo kile kina korido moja ndefu yenye benchi la mbao. Upande wa kushoto kuna stoo, ambayo mlango wake umekatwa nusu na kuwekewa ubao wa kuandikia. Humo hukaa yule Sajenti. Upande wa kulia, ukielekeana kabisa na stoo, kuna chumba cha leseni, na humo hukaa Inspekta mmoja mwembamba anayependa kalamu zake zilale sambamba. Mtu akinyoosha mikono yote miwili pale katikati, karibu ashike milango yote.

Sajenti aliipokea leseni, akaigeuza, akatikisa kichwa.

"Imekwisha muda, mama. Ilikwisha wakati wa dharura."

"Wakati bunduki iko kwako."

"Ndiyo. Lakini siwezi kumkabidhi silaha mtu ambaye leseni yake imekufa. Nikifanya hivyo nitakuwa nimevunja sheria. Vuka hapo, Inspekta akuhuishie, kisha urudi, nitakupa hata sasa hivi."

Bi Kishindo akageuka, akapiga hatua, akawa amefika. Inspekta alimkaribisha kiti.

"Hakuna tatizo kuhuisha," alisema. "Nahitaji kuikagua silaha kwanza. Umekuja nayo?"

"Iko hapo nyuma, mwanangu. Hapo stoo."

Inspekta alitazama ng'ambo, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona stoo ile. "Hapo iko kwenye hifadhi. Kanuni inasema silaha iletwe na mmiliki kwa ukaguzi."

"Sajenti hataki kunipa mpaka uhuishe."

"Na yuko sahihi."

"Na wewe huhuishi mpaka anipe."

"Na mimi niko sahihi, mama."

"Kwa hiyo yeye anakusubiri wewe, na wewe unamsubiri yeye?"

"Hapana, hatusubiriani," Inspekta alisema kwa upole. "Sisi sote wawili tunakusubiri wewe."

Bi Kishindo aliketi kwenye lile benchi akafikiri. Ilipofika saa ya chakula aliona Sajenti akitoka stoo na bakuli lake, akavuka korido, akaingia kwa Inspekta, wakala pamoja wakizungumza habari za mpira. Walipomaliza, Sajenti akavuka tena na kurudi mahali pake.

"Chakula kinavuka," alimwambia mumewe jioni. "Vicheko vinavuka. Bunduki ndiyo haina miguu."

Alirudi tena wiki iliyofuata, na nyingine, na kila mara alipokewa kwa heshima na kuelekezwa mlango wa pili. Mahindi nayo hayakujua lolote kuhusu kanuni. Yalipita kiuno, yakatoa mbelewele, yakaanza kutia maziwa. Nyani wakaanza kushuka, kwanza wadogo, kisha majike. Mwishoni akashuka lile dume kubwa ambalo kila mtu bondeni analijua. Wazee husema nyani mzee amekwepa mishale mingi. Huyu hakuwa na haja ya kukwepa chochote msimu ule. Wenye mashamba walipanga zamu za kupiga masufuria. Nyani walikuja kusikiliza muziki, wakala safu ya pembeni.

Ndipo Fundi alipopata wazo la koti, na ndipo Jumatano ile ikafika.

Tulirudi kutoka shambani. Fundi alijaribu kucheka, akaacha. Kama mambo yangeendelea vile hadi mahindi yakauke, pasingebaki cha kuvuna, na Bi Kishindo hangekuwa na uso wa kudai kikapu kwa mtu yeyote.

"Nakwenda kwa wakili," alisema walipofika nyumbani.

"Kuwashtaki polisi?" Fundi alishika kiti. "Mke wangu, mwenye nguvu mpishe. Mkono wa serikali ni mrefu."

"Na tumbo la nyumba hii ni refu vilevile. Vaa viatu."

Ofisi ya msaada wa kisheria iko ghorofani, juu ya duka la kuoka mikate, kwa hiyo wote wanaopanda kwenda kutafuta haki hufika wakiwa na njaa. Wakili aliyewapokea alikuwa msichana wa umri wa binti yao mdogo. Alikuwa amevua viatu chini ya meza na alisahau kuvivaa alipoinuka kuwasalimia.

"Shikamoo mama, shikamoo baba. Karibuni mkae."

Bi Kishindo alieleza tangu mvua hadi koti. Wakili alisikiliza akiandika, na masimulizi yalipofika kwenye koti aliweka kalamu chini akajifuta macho.

"Samahani, mama. Naomba nikuulize. Tangu wachukue hiyo bunduki, umeshtakiwa kwa kosa lolote?"

"Bado. Labda wanishtaki kwa kumwacha huyu mume wangu avishe wanyama."

"Kuna kesi yoyote ambayo bunduki hiyo ni kielelezo?"

"Haijawahi kufanya lolote zaidi ya kelele."

"Basi nisikilize." Wakili alitoa nakala ya agizo la dharura na kuweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa panasema silaha zitahifadhiwa na polisi hadi hali ya dharura itakapoondolewa. Imeondolewa. Maana yake mamlaka ya kuishika bunduki yako yaliisha siku ileile. Tangu hapo wanaishika kwa mazoea tu."

"Sasa mazoea yanatibiwaje?"

"Kwa hatua. Kwanza tunamwandikia Mkuu wa kituo kudai mali yako, tena kwa ustaarabu, kwa sababu hakimu atauliza kama uliomba kabla ya kulalamika. Tunampa muda wa kutosha kujibu. Asipojibu, tunapeleka maombi mahakamani, na kiapo chako, tukiomba hakimu aamuru irudishwe. Na tutaomba isikilizwe haraka, maana mahindi hayajui kalenda ya mahakama."

"Na hiyo leseni iliyokufa?" Fundi aliuliza. Tangu waingie alikuwa akiukagua upindo wa pazia la dirishani.

"Hilo ndilo watakaloling'ang'ania," wakili alisema. "Lakini mtu hawezi kukuzuia usitimize jambo, halafu akuadhibu kwa kutolitimiza. Nitahitaji uniambie kwa kiapo ulikwenda mara ngapi, na kila mlango ulisema nini."

"Hilo naweza kuliimba," alisema Bi Kishindo.

Barua ilipelekwa. Jibu la maandishi halikuja. Badala yake, alasiri moja Mkuu wa kituo mwenyewe alifika kwa Fundi, bila sare, amebana suruali nyingine kwapani.

"Nataka ipunguzwe kiunoni," alisema.

Fundi aliipima, akampima na mwenyewe, akaona kwamba suruali ile ilihitaji kuongezwa, si kupunguzwa. Alimvutia mgeni kiti na kumwita mkewe.

Mkuu wa kituo alizunguka kidogo, akaulizia watoto, akasifu cherehani. Kisha akasema, "Mama, barua yako nimeiona. Mambo haya hayana haja ya kufika mbali. Kesho mchana pita mlango wa nyuma wa kituo. Nitamwambia Sajenti akupe mzigo wako. Wewe funga kwenye mkeka, nenda zako, tuyamalize."

Fundi karibu ampigie makofi. Alimtazama mkewe kwa macho ya mtu aliyekwishaona mahindi yamo ghalani.

"Ahsante sana," Bi Kishindo alisema. "Na leseni?"

"Leseni tutaiangalia baadaye."

"Kwa hiyo nitakuwa na bunduki isiyo na leseni."

"Kwa muda."

"Nikikutana njiani na askari wako?"

Mkuu wa kituo alicheka kidogo, kwa sababu alikuwa mtu mkweli. "Atakukamata, mama. Ndiyo kazi yake."

"Na wakinikamata mtaichukua tena."

"Hapo itabidi."

"Na safari hiyo itakuwa kielelezo."

Sauti ya Bi Kishindo ilikuwa ndogo kama kawaida, na mgeni alikuwa amesogeza kiti bila kujua. "Bwana Mkuu, bunduki yangu ilitoka nyumbani kwa mlango wa mbele, mchana, watu wakiona. Naomba irudi hivyohivyo. Na wapo walinzi wenzangu wa bonde la pili, ambao bunduki zao pia mnazo; hao mlango wa nyuma wataonyeshwa na nani?"

Fundi alifumba macho kama mtu anayengoja mlio. Lakini Mkuu wa kituo alijiegemeza kitini, na alionekana zaidi kuwa amepumzika kuliko kukasirika.

"Nikwambie kweli, mama?" alisema. "Mimi mwenyewe ningefurahi hakimu akiniamuru. Juu waliniandikia kukusanya. Kurudisha hawajaniandikia hata mstari. Nikitoa kwa mdomo tu, siku likitokea jambo, swali litanifuata mimi. Nikitoa kwa amri ya mahakama, nalala usingizi."

"Basi tuonane huko."

"Tuonane huko." Aliinuka. "Fundi, hiyo suruali isiwe ya kubana sana. Nitaivaa siku hiyo."

Maombi yalipelekwa, na kwa kuwa wakili alieleza hali ya mahindi ilivyo, shauri lilipangwa kusikilizwa Jumanne iliyofuata. Siku zile za kungoja, bonde zima lilihamia shambani. Wenye masufuria walipiga, wenye filimbi walipuliza. Bi Kishindo alipanda dunguni na mpini mrefu wa mwavuli begani, akitumaini macho ya nyani yamezeeka. Hayakuzeeka. Safu za pembeni zote ziliisha. Katikati bado palisimama, na kila jioni watu waliihesabu ile katikati kwa macho.

Jumanne chumba cha mahakama kilijaa wakulima. Wengi walikuja na majembe yao, wakaambiwa wayaache nje, yakapangwa ukutani kama gwaride. Mkuu wa kituo alikaa mbele na suruali yake iliyoongezwa kiunoni, akipumua bila shida. Inspekta na Sajenti walikaa nyuma yake. Hakimu alikuwa mama mmoja mtu mzima mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani.

Wakili wa serikali alianza. Alisema polisi hawana nia mbaya na mtu yeyote. Sheria inakataza kumkabidhi silaha mtu asiye na leseni hai, na mwombaji hana leseni hai, ndiyo hali ilivyo. Kisha akaomba kumuuliza mwombaji maswali machache.

"Mama, unakubali kwamba silaha ni kitu cha hatari?"

"Nakubali."

"Na hii yako?"

"Hii ni hatari kwa mawingu."

Watu walicheka. Hakimu aliwatazama kwa miwani ya puani, wakanyamaza.

"Miaka yote hujawahi kumdhuru kiumbe?"

"Mume wangu tu, kwa mshtuko. Yupo pale, anaweza kusimama."

Fundi alisimama, akainama kwa heshima, akaketi. Wakili wa serikali naye akaketi, akiuma midomo.

Wakili wa Bi Kishindo hakuzungumza sana. Alionyesha agizo la dharura na ule mstari wake, akaonyesha tangazo la kuiondoa dharura, akaonyesha barua ya madai iliyokosa jibu. Kisha akasoma kutoka kwenye kiapo maneno ya mlango wa kushoto na maneno ya mlango wa kulia, akaomba kukaa.

Hakimu alibadilisha miwani. "Inspekta, simama. Ofisi yako iko wapi?"

"Kituoni, mheshimiwa."

"Na stoo ya silaha?"

"Kituoni, mheshimiwa."

"Kituo hichohicho?"

"Hichohicho."

"Ukisimama mlangoni kwako, stoo unaiona?"

"Naiona, mheshimiwa."

"Na bunduki?"

Inspekta alifikiri kwa uaminifu. "Sajenti akiacha wazi, naiona, mheshimiwa. Kitako chake."

"Kanuni inasema silaha ikaguliwe. Inasema wewe usisimame?"

"Haisemi, mheshimiwa."

"Inasema ukaguzi ufanyike mezani kwako?"

"Hapana. Ni… imezoeleka tu."

"Nashukuru. Kaa."

Sajenti aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Inspekta alimkanyaga mguu.

Hakimu aliandika kwa muda, chumba kikasikiliza kalamu. Halafu akasoma. Alisema raia walizitoa silaha zao kwa hiari na kwa utii wakati wa shida, na utii huo usigeuzwe kuwa mtego. Mamlaka ya polisi ya kuzishika yaliisha dharura ilipoisha, na mwombaji hakushtakiwa kwa lolote. Leseni iliisha bunduki ikiwa mikononi mwa walewale wanaomdai leseni, kwa hiyo maombi ya kuihuisha yahesabiwe kuwa yaliletwa kwa wakati. Aliamuru Inspekta aikague bunduki palepale stoo, siku ileile, na ikiwa nzima leseni ihuishwe na bunduki irudishwe pamoja na risasi zake. Ikiwa imeharibika, mwombaji ana haki ya kurudi mahakamani kudai fidia. Na mwenye silaha mwingine yeyote aliyehifadhiwa kitu chake kwa agizo lilelile, na ambaye hana shtaka, afanyiwe hivyohivyo bila kulazimika kuja kushtaki.

Alivua miwani zote mbili.

"Kuhusu korido," aliongeza, "mahakama haipendi kumwamuru mtu mzima kuvuka korido. Ikibidi itamwamuru."

Vigelegele vilipigwa hadi nje, na hata karani alisahau kuwanyamazisha. Mkuu wa kituo alikuwa wa kwanza kumpa Bi Kishindo mkono. "Leo nitalala," alimwambia.

Tuliongozana hadi kituoni, wakulima na majembe yao, wakili na viatu vyake mkononi kwa sababu kimoja kilikatika kamba. Korido haikutosha, watu wakachungulia madirishani. Inspekta aliingia ofisini kwake, akachukua kalamu na muhuri, akasimama mlangoni. Watu wakampisha. Akavuka.

"Karibu sana," Sajenti alimwambia. "Mgeni nadra."

"Fungua."

Sajenti aliingia ndani akatoka na kitu kirefu kilichofungwa kwa blanketi lake mwenyewe. Alieleza, huku akitazama chini, kwamba sakafu ya stoo inapitisha maji, kwa hiyo aliitundika kwenye msumari, na siku za Ijumaa aliifuta kwa mafuta kwa sababu chuma kizuri kinahuzunisha kikishika kutu. Bi Kishindo alipitisha kiganja kwenye kitako, kisha kwenye bomba. Hapakuwa na doa.

"Mwanangu," alisema, "kumbe muda wote ulikuwa unanilelea."

"Nililea, mama. Kukupa ndiko kulikonishinda."

Inspekta alisoma namba, akachungulia bomba, akafunga, akafungua, akapiga muhuri. Ule muhuri ulilia kwa nguvu, na Fundi, kwa mazoea, akaziba masikio. Korido nzima ilicheka, Inspekta akiwemo.

"Naomba jambo moja," Fundi alimwambia mkewe wakitoka. "Usiijaribu hapa mjini."

"Nitaijaribu panapohusika."

Walitoka kwa mlango wa mbele, mchana, yeye ameiweka begani. Walinzi wawili wa bonde la pili walibaki nyuma kwenye benchi na stakabadhi zao, na Sajenti alisikika akiita, "Inspekta, vuka tena."

Kesho yake asubuhi kulikuwa na mawingu mepesi na ubaridi kidogo. Bi Kishindo alipanda dunguni kabla watu wengine hawajaamka. Aliliacha kundi lote literemke, likatawanyika polepole kama watu waliokaribishwa, hadi wa mbele wakaigusa safu ya kwanza. Ndipo akapiga hewani, mara moja. Walipanda mlima kwa fujo, watoto migongoni, na wala hawakugeuka kutazama hadi walipofika juu ya miamba. Alisikiliza mahindi yakitikisika na kutulia. Kisha akashuka, akaweka bunduki begani na kuzunguka mpaka wote wa shamba kwa miguu, akimsalimia kila mwenye shamba aliyemkuta na kumwambia alete kikapu mavuno yakifika.